Sebule ya Futi Kumi na Mbili

"Punguza hiyo, mwanangu. Nasikia kelele, sisikii maneno."

Baba alisema hivyo jioni ya pili tangu nilipoleta sabufa mpya nyumbani, kiganja kikiwa kwenye sikio la kushoto. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili yake. Tangu Mama atutoke anaishi nami hapa Isevya, na kila siku baada ya Isha huketi kwenye kiti chake chini ya dirisha na kikombe cha kahawa, akisubiri nimwekee miziki ya zamani. Ujanani alifanya kazi reli hapa hapa Tabora, enzi ambazo Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids walikuwa wakipiga dansi mjini. Nyimbo hizo anazijua kwa magitaa yake. Anakuambia gitaa la pili linaingia wapi kabla halijaingia. Mtu wa namna hiyo ukimpa mngurumo badala ya muziki umemnyima haki yake.

Naandika haya kwa sababu wenzangu watatu shuleni wameniuliza nilifanyaje hadi sebule yangu ikawa na sauti ile, na kila mmoja alianza kwa swali lile lile: "Ni wati ngapi?"

Basi nianze na wati. Sabufa ile ilikuwa na maandishi makubwa ya dhahabu kwenye boksi: wati 10,000. Niliilipia shilingi 180,000 nikiamini nimepata kitu. Baba alipolalamika niliigeuza, nikasoma kibandiko kidogo cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia. Kimeandikwa: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 55. Nikakaa chini. Kitu kinachovuta wati 55 kutoka ukutani kitazitoa wapi hizo elfu kumi? Ndoo ya lita ishirini haimwagi lita elfu tatu. Namba ile ya kwenye boksi huandikwa PMPO, na haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hukadiria mshindo wa kufumba na kufumbua, kisha kikaongeza kinavyopenda. Namba ya kutafuta ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuchoka. Ukikosa RMS, soma kibandiko cha nyuma. Hicho hakitafuti mteja.

Lakini hata wati zingekuwa za kweli, Baba asingesikia maneno. Hili nilieleweshwa na fundi mmoja wa redio mwenye kibanda karibu na soko, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, nikamweleza shida. Hakuuliza wati. Aliuliza, "Chumba kina ukubwa gani, mama?" Nikamwambia futi kumi na mbili kwa futi kumi na mbili. "Na mzee anakaa wapi?" Dukani hakuna aliyeniuliza swali hilo.

Akanieleza kwamba ile sabufa ina spika moja kubwa ya besi kwenye sanduku, na spika mbili vitoto za inchi tatu. Vitoto haviwezi kushuka chini, kwa hiyo sehemu ya sauti ya mwanamume na mwili wa gitaa hulazimika kutokea kwenye sanduku la besi, ambalo mimi nilikuwa nimeliweka pembeni nyuma ya kochi. Mwimbaji akawa amekatwa vipande viwili: kifua kule pembeni, midomo huku kwenye kabati la televisheni.

Na masikio ya mzee yana jambo lake. Umri ukienda, sauti nyembamba ndizo zinazoanza kupotea, na huko ndiko ziliko konsonanti. Mimi nafundisha darasa la tatu, najua uzito wa jambo hili: *pika*, *fika* na *shika* vinatofautishwa na mwanzo tu wa neno. Mwanzo huo ukifunikwa na besi, kinachobaki ni *-ika*, na Baba anabaki kukisia. Sikio lenye umri hulihurumii kwa kuongeza sauti. Unalihurumia kwa kupunguza kinachofunika.

Kwa hiyo tulianza upya, na tulianza na spika, amplifaya ikafuata baadaye. Wengi hufanya kinyume. Spika ndiyo inayoamua sauti itakuwaje. Amplifaya kazi yake ni kuisukuma bila kuongeza ya kwake. Fundi alikuwa na jozi mbili za mtumba za kuweka juu ya meza au rafu: masanduku ya mbao yenye kimo cha sentimita thelathini hivi, spika ya inchi tano chini na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, juu. Jozi ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho kuliko ya pili. Alilaza moja chali, akaweka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, ule uso wa spika unaotetemeka, akaisukuma ndani taratibu kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto mchanga. Ikatoa sauti ya mchanga, *kwaru*. "Koili inasugua," akasema, yaani ule msokoto wa waya nyuma ya koni, akaiweka kando. Kisha akanionyesha sponji inayozunguka koni: ukiigusa kwa kucha ilikuwa inamenyeka kama keki kavu. Ya jozi ya pili ni mpira, na ulikuwa mlaini bado.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alichukua betri ya tochi, ile ya volti moja na nusu, akagusisha nyaya mbili kwenye vitundu vya nyuma ya spika, chanya kwenye chekundu. Koni ikaruka mbele, *tup*. Akafanya ya pili, nayo ikaruka mbele. "Zinapumua pamoja," akasema. Angekuta moja inaruka mbele na nyingine inarudi nyuma, waya ungekuwa umegeuzwa ndani. Spika mbili zinazopumua kinyume hunyang'anyana besi, na sauti ya mwimbaji husambaa ukashindwa kujua amesimama wapi. Kwa miziki ya Baba hilo lingekuwa msiba, kwa sababu nyimbo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa mkondo mmoja (mono), yaani spika zote mbili hutoa sauti ile ile. Spika zikiwa zimefungwa sawasawa, mwimbaji anasimama katikati kabisa, hapo ambapo hakuna spika.

Nyuma ya zile nilizochukua kumeandikwa omu 8, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme, na desibeli 87, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Hiyo 87 ndiyo namba ninayowaambia wenzangu waitazame. Maana yake ni kwamba ukiipa spika wati moja tu, ukisimama mita moja mbele yake, utapata desibeli 87. Watu wawili wakizungumza kawaida wanafika 60 hivi. Baba yuko mita mbili, kwa hiyo kuna kinachopungua njiani, lakini spika ni mbili na chumba ni kidogo kinachorudisha sauti, na kile kinachopungua karibu chote kinafidiwa. Wati moja kila upande, na sebule yangu tayari ina sauti ya kumzuia mtu kuongea! Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio huzitambua kwa shida kidogo. Kutaka sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu ni lazima uzidishe wati mara kumi hivi. Wati ishirini au thelathini za kweli zinatosha chumba changu na kuacha akiba kwa ajili ya mshindo wa ngoma na tarumbeta.

Akiba hiyo msiipuuze, ingawa ni ndogo. Amplifaya ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na vipande hivyo vilivyokatwa hugeuka kuwa sauti kali nyembamba inayokwenda moja kwa moja kwenye twita na kuichoma. Ndiyo maana amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho huua spika nyingi mitaani. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza, rudisha nyuma papo hapo.

Kwa amplifaya ningeweza kuchukua moja ya zile kubwa za zamani za Kijapani, na fundi alikuwa nayo moja nzito kama jiwe la kusagia. Inapendeza. Nilichagua ndogo mpya, inayoenea kwenye kiganja, ya aina wanayoiita daraja D, yenye chipu ya TPA3116. Sababu ya kwanza ni joto: haichemki, na kabati langu halina upepo. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nisiangalie nyingine. Inakula umeme wa volti 24 kutoka kwenye adapta, lakini inakubali pia volti 12. Umeme ukikatika naihamishia kwenye betri ya sola inayowasha taa zetu. Kwa volti 12 na spika za omu 8 haiwezi kutoa zaidi ya wati tisa hivi kila upande, na mmeshaona hesabu ya wati moja. Jioni za giza Baba anaendelea na muziki wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Spika shilingi 120,000, amplifaya na adapta 85,000. Waya nilikata ule wa kawaida wa umeme wa milimita moja na nusu, mita nne kila upande. Kwa umbali huo unatosha kabisa. Msiuziwe waya wa bei ya mbuzi.

Nilipofika nyumbani nikafunga kila kitu, nikawasha, nikasikitika. Maneno yalisikika, lakini chumba kilikuwa kinalia kama tangi tupu. Nikapiga kofi moja katikati ya sebule na sauti ikanijibu *trrr* kati ya ukuta na ukuta. Sakafu marumaru, kuta plasta laini, dari jipsam, madirisha ya kioo. Sauti haina pa kulala. Nikatandika lile zulia zito la sikukuu lililokuwa limekunjwa stoo, nikabadilisha pazia jepesi kwa zito lenye mikunjo mingi, nikahamishia rafu ya vitabu na madaftari ya wanafunzi kwenye ukuta unaotazamana na spika. Nikapiga kofi tena. Likafa.

Besi ndiyo iliyokuwa kaidi. Kulikuwa na noti moja ya gitaa la besi ambayo kila ikipigwa vyombo kabatini vinatetemeka, nyingine wala. Hesabu yake ni hii. Sauti husafiri hewani karibu mita 345 kwa sekunde. Futi kumi na mbili za chumba changu ni mita 3.66 hivi. Wimbi ambalo nusu yake inaenea barabara kati ya kuta mbili za namna hiyo ni la hezi 47 hivi, yaani mitetemo 47 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi iko jirani tu, hezi 49. Na kwa kuwa chumba ni mraba, upana unapigia kelele noti ile ile ambayo urefu umeshaipigia. Anayejenga leo na asikie hili: ukiweza, usiifanye sebule mraba kamili. Kwa sisi tuliokwisha kujenga, dawa ni kuhamahama. Mngurumo huo unazidi karibu na kuta na unafika kilele kwenye pembe. Nilizitoa spika pembeni, zikakaa sentimita arobaini kutoka ukutani, maana zina tundu la hewa nyuma na halipendi kuzibwa. Mita moja na nusu na ushee kati yao, zimeelekezwa kidogo kwa ndani, twita zikiwa usawa wa masikio ya Baba akiwa ameketi; chini yake nimeweka stuli mbili za mninga alizochonga kaka yangu. Na kiti cha Baba nilikisogeza mbele, hatua moja kutoka dirishani. Aliguna kidogo kuhusu kiti. Noti ile ikatulia.

Mwenzangu mmoja aliniambia spika ndogo ni za maskini. Nilimjibu kwa BBC, ambao wazee wetu wote hapa wamewasikiliza kwa Kiswahili. Miaka ya 1970 mafundi wao walibuni spika ndogo inayoitwa LS3/5A, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, mahali finyu kuliko sebule yangu. Walichotaka ni kusikia sauti ya mtangazaji ilivyo hasa. Ujazo wake ni lita tano tu hivi, na hadi leo watu wanaitafuta.

Sitasema sabufa hazina mahali. Kwenye ua, kwenye kitchen party ya watu mia, chukueni. Na masika, mvua inapoyapiga mabati ya Isevya, hakuna spika ya mezani itakayoshindana nayo, wala sitaki ishindane. Baba mwenyewe huniashiria nizime.

Juzi Jumamosi niliweka wimbo mmoja wa zamani, sauti ikiwa chini kiasi kwamba nilikuwa nasikia mwiko wa binti yangu jikoni. Baba aliinua kidole. "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Umemsikia? Kabla hajaanza ubeti, anavuta pumzi." Nilikuwa sijamsikia. Nikarudisha mara ya tatu, nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, na pumzi ile ikapita katikati ya stuli mbili, wazi kabisa, kisha magitaa yakaingia.