Moli moja ya chumvi ya Uvinza

Mwaka wa kwanza chuoni hapa Kigoma, kemia ilinitoa jasho. Jaribio la kwanza nilipata 23, na mhadhiri wetu hakuwa mtu wa kubembeleza: ukichelewa dakika tano, mlango umefungwa. Nilimchukia, sifichi.

Siku moja akaja na mfuko wa chumvi ya Uvinza. Akapima gramu 58.5, akamimina kwenye karatasi mbele yangu. "Hii ndiyo moli moja." Kirundo cha kujaa kiganja tu! Na mimi wiki nzima nakariri 6.02 × 10²³, idadi ya chembe zinazohesabiwa kuwa moli moja ya kitu chochote, kama kasuku.

Nikachovya kidole, nikalamba. Akaniona. Nje! Maabara si jikoni. Kipindi kilichobaki nilikisikilizia dirishani, daftari nimeliegemeza ukutani.