Skrubu 12 za daraja la gitaa langu

Katika kujitengenezea gitaa la umeme, niliyoiogopa ni kazi ya mbao, kumbe ndiyo iliyokwenda vizuri. Mwili wa gitaa nilishaukata na kuupiga msasa hadi ukawa laini, shingo niliipata tayari na freti zake, vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, na pikapu, vile vinasa sauti vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, nilizitoa kwenye gitaa lililovunjika. Daraja pia nilikuwa nalo, lile la bati la chuma linaloshika nyuzi, nimepewa na mtu aliyelihifadhi miaka mingi bila kazi. Kasoro yake ilikuwa moja: halikuwa na skrubu za kupandishia nyuzi. Skrubu 12, kila moja haizidi sana punje ya mchele, ndizo zilizonisimamisha miezi miwili.

Kwa asiyewahi kulitazama daraja la namna hiyo kwa karibu: juu yake kuna matandiko sita, kila uzi na tandiko lake. Kila tandiko linasimama kwa miguu miwili, na kila mguu ni skrubu isiyo na kichwa, yenye tundu la pembe sita juu, inayozungushwa kwa ufunguo mwembamba wa aleni. Ukikaza, tandiko linainuka na uzi unapanda. Ukilegeza, uzi unashuka hadi unaanza kugonga freti na kutoa sauti ya kukwaruza. Bila skrubu hizo, tandiko linalala chali juu ya bati na gitaa halipigiki.

Nilianza kwa kuuliza "skrubu za daraja la gitaa". Nikaletewa pakiti, skrubu nzuri, nyeusi, za milimita 3. Nilichukua ya kwanza nikaiweka kwenye tundu la tandiko. Ikaingia mzunguko mmoja, ikaingia nusu nyingine, ikagoma. Nikadhani ni kutu. Nikatia tone la mafuta, nikaongeza nguvu kidogo kwenye ufunguo. Nilipoitoa, nilikuta unga wa chuma unaong'aa umeganda kwenye mafuta, kwenye ncha ya kidole changu. Ule haukuwa kutu. Ulikuwa hesi za tandiko, ile mikunjo ya ndani inayoshika skrubu, nami nilikuwa nazisaga.

Niliagiza pakiti ya pili kwa muuzaji mwingine, kwa jina lile lile. Nikaletewa skrubu zile zile.

Aliyenifungua macho ni fundi redio, mzee ambaye maisha yake yote amekaa na makopo ya skrubu mezani. Hakuhitaji kipimo. Aliishika skrubu yangu, akalishika tandiko, akanirudishia vyote viwili. "Mwanangu, skrubu hii ya milimita. Chuma hiki cha inchi. Havitaoana hata ukivilazimisha."

Gitaa la umeme lilikulia Marekani, na vipimo vyake vya mwanzo ni vya inchi. Viwanda vya nchi nyingine vilipoanza kutengeneza magitaa ya aina hiyo, vingi vilitumia milimita. Vifaa vya pande zote mbili vinafanana kwa macho, vinauzwa kwa majina yale yale, na tofauti zake ni ndogo kiasi cha kudanganya. Tandiko la mtindo wa Kimarekani kwa kawaida hutumia skrubu inayoitwa 4-40: namba 4 ni unene wake, kama milimita 2.84, na 40 ni idadi ya hesi katika inchi moja. Skrubu ya M3 ina unene wa milimita 3, na kila hesi iko nusu milimita kutoka kwa mwenzake. Ndiyo maana ile yangu iliingia mzunguko mmoja na nusu: mwanzoni hesi zinakaribiana, halafu zinaanza kupishana.

Mzee alinionyesha namna ya kuhakikisha bila chombo chochote. Chukua skrubu mbili, zilaze ubavu kwa ubavu ili meno ya moja yaingie kwenye mashimo ya nyingine, kisha ziinue kuelekea dirishani. Zikiwa za aina moja, zinashikana kama vidole vilivyofumbatana na huoni mwanga katikati. Zikiwa tofauti, meno mawili matatu ya mwanzo yanakaa, kisha mwanga unaanza kupenya, na unapanuka kadiri unavyosogea. Katika hesi 10 M3 inatembea milimita 5, na 4-40 inatembea milimita 6.35. Jicho linaiona tofauti hiyo bila shida.

Swali likawa: nilinganishe na nini? Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta mbovu, na hili ndilo jambo ninalotamani kila anayejenga gitaa alijue. Skrubu zinazofunga kisomeo cha CD ni M3. Zinazofunga diski kubwa ya inchi 3.5 ni 6-32, ambayo ndiyo skrubu ya kushikilia pikapu nyingi za koili moja za mtindo wa Kimarekani. Na zile skrubu mbili za pembeni kwenye waya wa skrini wa zamani, ule wa VGA wenye plagi ya bluu, ni 4-40. Hata vile vinati vya pembe sita zinamojifungia, nyuma ya kompyuta, ni vya 4-40 kwa ndani. Kwa hiyo ukiwa na kompyuta moja iliyokufa una vipimo vitatu vya uhakika. Kwenye gitaa lenyewe huwezi kuzitumia, kwa kuwa urefu hautoshi na vichwa havifai, lakini zinakwambia unatafuta nini.

Niliichukua skrubu ya waya wa skrini nikaijaribu kwenye tandiko. Iliteleza ndani kwa vidole tu, bila bisibisi. Nilikaa nikaizungusha ndani na nje mara kadhaa kwa raha ya kuona kitu kinakubali.

Tangu siku hiyo niliacha kutaja gitaa. Nilikwenda kwa wauzaji wa skrubu za mashine nikataja vipimo: 4-40, haina kichwa, tundu la pembe sita, ufunguo wa inchi 0.050. Wakaniuliza urefu tu. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Shingo ya gitaa ina mgongo kidogo, nyuzi za katikati zinakaa juu kuliko za pembeni, kwa hiyo nilitaka nane za inchi 3/8 kwa nyuzi nne za katikati, na nne za inchi 5/16 kwa nyuzi mbili za pembeni. Ukitia ndefu pembeni zinachomoza juu ya tandiko, na kiganja kinachopumzika pale kinakwaruzwa kila unapopiga.

Ufunguo nao ni wa kuangalia. Wa inchi 0.050 ni milimita 1.27, na wa M3 ni milimita 1.5. Ule wa milimita 1.5 hauingii kwenye 4-40, hiyo ni salama. Hatari ni kinyume chake: mdogo unaingia kwenye tundu kubwa, unacheza, na mara moja unayala mapembe yote. Skrubu iliyoliwa mapembe ndani ya tandiko ni tabu kubwa kuitoa.

Baada ya daraja nikawa na macho mengine. Vitufe vya sauti, kwa mfano. Volyumu, yaani kile kifaa cha ndani ambacho kitufe hukizungusha, za milimita zenye mhimili wa meno huwa na meno 18, za inchi huwa na 24, na kitufe cha moja ukikisukuma kwa nguvu kwenye nyingine utaupasua mhimili. Mihimili isiyo na meno ni milimita 6 kwa upande mmoja na 6.35 kwa mwingine. Kitufe changu cha kukaza kwa skrubu kilikuwa cha 6.35 na mhimili wa 6, kikawa kinayumba. Nilikata ukanda wa bati la kopo la soda, nikauzungusha kwenye mhimili, kikakaa wima.

Springi za pikapu nilijaribu za kalamu ya wino. Zinapita vizuri kwenye skrubu lakini ni dhaifu, pikapu inashuka yenyewe. Mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, uliokatwa vipande vya sentimita moja na nusu, umeshika hadi leo. Tundu la jeki, la kuchomekea waya wa kwenda kwenye amplifaya, na waya wa ardhi unaopita chini ya daraja havikunipa shida yoyote.

Skrubu nne zinazoifunga shingo kwenye mwili ndizo ningependa watu wazifikirie kwa kalamu na karatasi. Mwili wangu una unene wa milimita 44. Mfuko wa shingo, lile shimo la mwilini inamokaa, una kina cha 16, zinabaki 28. Bati la nyuma ni 2, jumla 30. Skrubu ya 45 inaingia 15 ndani ya shingo, na kisigino cha shingo, ile sehemu inayokaa mfukoni, kina unene wa 25. Hapo ni salama. Ya 50 inaingia 20, inaacha milimita 5 tu chini ya freti, nami sikutaka kuikaribia hivyo. Na tundu la kwenye mwili liwe pana, skrubu ipite bila kung'ata. Ing'ate shingoni peke yake. Iking'ata pande zote mbili, shingo inabaki imening'inia nywele moja juu ya mfuko, hata ukaze vipi.

Kosa lililoniuma lilikuwa kwenye kichwa cha gitaa. Skrubu za vikaza nyuzi ni nyembamba mno, kama milimita 2, na mti wa mepo (maple) wa shingo ni mgumu. Nilitoboa tundu dogo kupita kiasi, nikakaza, nikahisi ulaini wa ghafla kwenye bisibisi. Kichwa cha skrubu kilikatika, kiwiliwili kikabaki ndani. Nilitengeneza kibomba cha chuma chembamba, nikakichonga meno kwa tupa, nikakizungusha taratibu kukizunguka kipande hadi kikatoka na mbao yake, kisha nikaziba kwa kijiti na gundi. Ilinichukua jioni nzima. Zile tano zilizobaki nilizikaza kwanza na skrubu ya chuma ngumu ya saizi ile ile ili ichonge njia, nikaitoa, kisha nikatia yenyewe ikiwa imepakwa sabuni kavu. Ziliingia zote.

Juzi kijana anayejenga la kwake alikuja na skrubu moja kiganjani, ameitoa kwenye pikapu, anataka mwenzake. Nilifungua kiberiti ninachoweka zile za kompyuta. Ya kwanza tuliyoilaza karibu nayo ilikuwa M3, mwanga ukapita. Tukajaribu ya diski kubwa. Aliigeuza mara mbili dirishani, akanipa niitazame mwenyewe. Meno yalikaa yote, toka mwanzo hadi mwisho.