Nani Alimnyonyesha?

Katika tamthilia ya Oedipus ya Sophocles, mtunzi wa Ugiriki ya kale, mtu anayenishughulisha akili kuliko wote hana hata jina, na jukwaani hatumwoni. Ni mlevi. Oedipus mwenyewe ndiye anayemtaja, anapomhadithia mkewe Jocasta habari za ujana wake huko mji wa Corinth. Alikuwa akijijua kuwa mtoto wa Mfalme Polybus na Merope. Siku moja karamuni, bwana mmoja mvinyo umemzidi akamwambia mbele za watu kuwa huyo si baba yako.

Kesho yake kijana akawaendea wazazi wake akawauliza. Wakamkasirikia sana yule mlevi kwa kumtukania mtoto wao. Basi, ikawa imekwisha. Hawakumwambia kwamba aliletwa mchanga, mikononi mwa mchunga kondoo, vifundo vya miguu vimetobolewa.

Wengi wakiizungumza tamthilia hii husema ni habari ya kudura, kwamba lililoandikwa halifutiki. Mimi kila nikiisoma narudi pale Corinth. Oedipus alipoona hakujibiwa akatoka kwa siri akaenda Delphi, kwenye hekalu la mungu Apollo walikokwenda watu kuuliza yaliyofichika. Kule nako hakuambiwa wazazi wake ni akina nani, aliambiwa atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Akaapa Corinth harudi tena, asije akawadhuru Polybus na Merope. Kwa hofu ya kuwadhuru waliomlea, akashika njia iliyomfikisha kwa waliomzaa. Penye njia tatu akamuua Laius, baba yake mzazi. Katika mji wa Thebes akamuoa Jocasta, mama yake. Neno moja la Merope, "Mwanangu, sisi tumekulea tu," na kijana asingekuwa na sababu ya kukimbia.

Sisi Lamu jambo hili tunalijua kwa karibu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili ni mtoto wake wa ziwa, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake. Hawaoani. Na zamani mama akiugua, au maziwa yakikataa kutoka, jirani ndiye aliyempakata mtoto. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ilibaki vichwani mwa wanawake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga Langoni, na kichwa chake kilikuwa daftari la mtaa mzima. Posa ikija, kabla haijajibiwa, watu walimwendea. Nakumbuka alasiri moja walikuja kina mama wawili, mmoja wa Mkomani, nami niko pembeni nachambua mchele. Bibi aliwakaribisha, akawapa kahawa, akauliza kijana ni wa nyumba gani na binti ni wa nani. Kisha akanyamaza kitambo, akiinua vidole kimoja kimoja. "Mamake alishikwa na homa baada ya kuzaa," akasema. "Mtoto akanyonya kwa mama wa huyu binti mpaka homa ikatoka. Si mara moja wala mbili, mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Hawa ni ndugu." Mama mmoja akajifunika uso kwa mtandio akalia. Bibi akamshika mkono, lakini neno lake hakulirudisha.

Na huyo huyo bibi alikuwa na mambo ya watu ambayo alikwenda nayo kaburini. Hapo ndipo ninapopaona pa kutenganisha. Sitara ni kufunika aibu ya mtu aliyeteleza, na mkunga asiye na sitara hapokewi nyumbani kwa mtu. Kumficha mtoto nasaba yake ni jambo jingine kabisa. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha watoto tunaowalea tuwaite kwa baba zao. Mlee, mpende, mvishe, mlishe, ila mwambie.

Euripides, mtunzi mwingine wa Ugiriki ya kale, ana tamthilia iitwayo Ion ambayo nayo imenikaa moyoni. Creusa, binti wa mfalme wa Athens, alishikwa kwa nguvu na mungu Apollo, akazaa kwa siri, akamwacha mtoto pangoni. Mtoto huyo, Ion, akalelewa Delphi, akawa mfagizi wa hekalu. Miaka ikapita, na wasijuane, mama akajaribu kumuua kwa sumu, kijana naye akataka kumuua mama. Kasisi wa kike wa hekalu akaja na kikapu ambacho Ion aliokotwa nacho. Ion hakumwamini Creusa hivi hivi. Alimtaka ataje vilivyomo kabla hajavitia machoni. Creusa akataja kitambaa alichokifuma mwenyewe angali msichana, hakijakamilika, katikati kina sura ya Gorgon, zimwi la kike, na pindoni nyoka. Akataja nyoka wa dhahabu, na taji la mzeituni. Kikafunuliwa, vyote vikawamo, na majani ya mzeituni bado mabichi.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliona kutambuana kwa alama za namna hii ndiko kwenye ufundi hafifu kuliko kote. Huenda kwa mtunzi ni kweli. Lakini ile kazi ya msichana aliyekuwa bado anajifunza kufuma, mama anaitambua baada ya miaka yote hiyo, mimi inanitoa machozi kila mara.

Kinachonikera ni mwisho wake. Xuthus, mume wa Creusa, ameshaambiwa na Delphi kwamba Ion ni mwanawe wa damu. Anashuka Athena, mungu wa kike, na kumwagiza Creusa anyamaze, amwache mumewe na furaha yake. Papo hapo anabashiri kwamba Creusa na Xuthus watazaa wana wawili, Dorus na Achaeus. Watakuwa wana wa Xuthus kweli, nao watakua wakimwita Ion ndugu wa baba mmoja. Natamani kujua siku Xuthus akifa mirathi itagawanywa vipi, na nani katika nyumba ile atathubutu kufungua kinywa.