Kwa Mjomba, Newala

Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam na wazazi wa makabila mawili huulizwa kwao ni wapi, na jibu linalosubiriwa ni la upande wa baba. Mimi hujibu Same, kwa kuwa baba ni Mpare, na kwa miaka yote hiyo upande wa mama, ambaye ni Mmakonde wa Newala, nimeutaja kama nyongeza. Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, tulikwenda Newala tukiwa kundi zima: mama, dada yangu na wanawe, mke wangu na mimi pamoja na wanetu. Baba aliona mwendo ni mrefu akabaki nyumbani. Sababu ya safari ilikuwa mikorosho ya bibi mzaa mama, ambayo tangu bibi afariki imekuwa ikiangaliwa na mjomba, na mjomba alikuwa ametuma ujumbe kwamba umri umemtupa mkono na jambo hilo lazima lizungumzwe na wenyewe.

Njiani mama alisimulia zaidi ya alivyosinzia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi lilifika Mto Rufiji likasubiri kivuko, na masika yakichanganya watu wa Kusini walikuwa wakikata tamaa ya barabara na kutafuta meli ya kwenda Mtwara. Wanangu walimsikiliza kama watu wanaosimuliwa mambo ya nchi nyingine, mpaka tulipokaribia Somanga na kuwakumbusha kwamba Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyohiyo, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki imetengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Lindi tuliipita jua likiwa kali, tukakunja Mnazi Mmoja kuelekea Masasi, tukapita Ndanda ambako wamisionari Wabenediktini walianza kazi mwaka 1906, na kutoka Masasi tukaanza kupanda.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na juu huko hakuna mto. Udongo wake ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja na kutokea chini kabisa, kwenye mabonde. Mama alikua akimwona bibi akitoka alfajiri kuteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani, ingawa mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu ulianza tangu miaka ya 1950. Hata leo bomba hutoa maji kwa mgao, na nyumba yenye uwezo ina tangi la saruji linalokinga maji ya bati. Mke wangu aliuliza swali ambalo kila mgeni huliuliza: kwa nini watu walichagua kuishi mahali pasipo na maji? Mjomba alimjibu kwamba katika karne ya 19, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikishuka kwenda Kilwa na Mikindani na Wangoni wakivamia nchi za jirani, kichaka kinene cha uwandani kilikuwa ukuta, na mtu aliona heri kiu kuliko mnyororo.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika usiku wa kwanza, barazani, baada ya ugali wa muhogo na kisamvu. Nilikuwa nimejiandaa kusikiliza habari za mipaka ya shamba, lakini mjomba alianza na watu. Alitunyoshea kidole mimi na dada yangu akasema, "Nyie wawili ni wa hapa." Kisha akawaonyesha watoto wa dada: "Na hawa ni wa hapa." Alipofika kwa wanangu alicheka. "Hawa wako, mpwa wangu, si wetu. Wapeleke Muheza kwa mama yao, huko ndiko kwao." Mke wangu, ambaye ni Mbondei, akamwambia kwa heshima kwamba Muheza nao wangewarudisha kwa baba. Binti yangu, aliyekuwa akifuatilia kwa makini kuliko nilivyodhani, akauliza yeye basi ni wa wapi. Mjomba akamwambia, "Wewe ni mgeni wangu, bibi. Na hapa Newala mgeni ndiye anayekunywa maji kwanza."

Wamakonde, kama Wamakua, Wayao na Wamwera walio majirani zao, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama, si baba. Mjomba ndiye aliyesimamia jando, ndiye aliyeketi posa ilipoletwa, na ndiye aliyeitwa mtoto alipofanya kosa. Watu wa mikoa mingine wakisikia hivi hudhani kwamba huku wanawake walitawala. Kwa ninavyoona mimi, waliotawala walikuwa kaka zao: ukoo ulipita kwa mwanamke, lakini neno la mwisho lilisemwa na mwanamume aliyezaliwa naye tumbo moja. Mama alikubaliana nami nusu tu. Alisema bibi hakuwahi kumsubiri kaka yeyote amsemee, na ukiitazama ile picha yake moja iliyobaki, akiwa na chale zake usoni na macho yaliyomkazia mpiga picha, utaamini.

Utaratibu huo ulikaa vizuri zamani kwa sababu hapakuwa na kikubwa cha kurithi. Watu walifyeka kichaka, wakalima misimu michache, ardhi ilipochoka wakahamia kwingine na kichaka kikarudi. Mkorosho ulibadilisha hesabu hiyo. Ni mti unaodumu miaka mingi, na baba aliyeupanda na kuupalilia pamoja na wanawe huona uchungu kuuacha uende kwa watoto wa dada yake ambao hawakushika jembe. Ukiongeza mafundisho ya dini, Uislamu na Ukristo, ambayo yote yanampa baba nafasi kubwa, unapata hali ya leo ambapo katika kijiji kimoja familia moja inarithisha kwa njia ya mama, ya pili kwa njia ya baba, na ya tatu inagombana.

Asubuhi tulikwenda shambani. Msimu ulikuwa ukingoni, lakini korosho zilikuwa bado zinadondoka, na watoto walifundishwa kuokota, kunyonga korosho kutoka kwenye bibo na kutothubutu kuing'ata mbichi, maana utomvu wa ganda lake hubabua midomo. Mabibo waliyala mpaka nguo zikaharibika kwa madoa ambayo najua hayatoki. Mjomba alituonyesha mikorosho ya bibi, ile mikubwa ambayo matawi yake yameinama mpaka chini, akatueleza kwa nini imesimama mbali na kijiji. Wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 watu waliondolewa walikokuwa wakiishi wakakusanywa pamoja, na mashamba yao yakabaki nyuma. Wengi waliiacha mikorosho imezwe na magugu. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imepata takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeporomoka chini ya tani 20,000, kwa sababu ya kuhamishwa huko, bei mbovu na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho. Bibi hakuiacha yake. Alikuwa akitembea kwenda kuipalilia na kurudi, na mtoto aliyemsindikiza mara nyingi zaidi alikuwa mjomba.

Ng'ambo ya njia ipo mikorosho midogo, iliyopandwa kwa mistari na nafasi sawa, na hapo ndipo mjomba alipopunguza sauti. Hiyo aliipanda yeye na wanawe katika ardhi hiyohiyo ya bibi. Wao ndio wanaopulizia salfa maua yanapochanua na kuokota korosho zinapodondoka. Wao pia ndio wanaobeba magunia hadi chama cha msingi cha ushirika, ambako tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 korosho hupimwa, huhifadhiwa ghalani na kusubiri mnada, na mkulima hulipwa baada ya mnada. Kwa mila, wanawe hao ni wa ukoo wa mke wake na hawana haki yoyote katika ardhi ya bibi. Mwenye haki ni mama, na baada ya mama ni dada yangu na watoto wake, ambao mmoja wao alikuwa ameuliza asubuhi hiyo kama korosho huota chini ya ardhi kama karanga.

Dada ndiye aliyesema kwanza. Alisema hawezi kuchukua mti ambao hakuupanda kutoka kwa binamu aliyeupanda. Mjomba alitikisa kichwa, akasema si yeye wa kumjibu. Yeye ni kaka wa mama, na zamu yake inaisha. Kizazi kinachofuata mjomba ni mimi, kwa hiyo nisemapo mimi ndipo litakuwa limesemwa. Sikuwa nimewahi kujifikiria hivyo. Nyumbani mimi ni baba wa watu, na kwa wapwa zangu ni mtu wa kuleta zawadi na kuulizia matokeo ya mtihani. Nilikubaliana na dada: mikorosho ya bibi iandikwe kwa jina la mama na la dada, na ile ya ng'ambo ya njia iwe ya wana wa mjomba, kwa maandishi na si kwa mdomo, maana maneno ya mdomo hufa na wasemaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya kimila hutolewa na kijiji, hivyo tulikwenda ofisini kuanza taratibu. Mtendaji wa kijiji alituuliza maswali machache tu, lile la ukoo likiwa la kwanza.

Kabla ya kuondoka tulipita Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na macho yanateremka hadi Bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Mama ana ndugu huko, watu wanaozungumza Kimakonde kama chake, ambao mpaka uliochorwa na Wajerumani na Wareno uliwaacha upande wa pili. Alitaja majina yao mmoja baada ya mwingine, na nikaona kwamba wote aliowataja walikuwa watoto wa wanawake.

Baba alipiga simu jioni kutaka kujua tulichoamua. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mjomba anafahamu kwamba migomba ya Same nayo inahitaji wenyewe. Mjomba alikuwa ameketi karibu akasikia. Akaichukua simu, wakaamkiana kwa mashemeji wanavyoamkiana, na wakabishana kwa furaha kwa muda mrefu kuhusu nani ana haki na nani.

Maagizo niliyopewa wakati wa kuagana ni kurudi Juni, msimu wa kupulizia salfa ukianza, nikiwa na mtoto wa kwanza wa dada, kwa kuwa yeye ndiye anayepaswa kuonyeshwa mipaka, na mimi ndiye ninayepaswa kumwonyesha. Mjomba aliahidi kwamba kabla ya hapo atafyeka njia ya pembeni ili mawe ya mpaka yaonekane. Wanangu wanaruhusiwa kuja pia, kwa masharti ya wageni.