Chuma cha Kung'olea Nyonga

Watu wakisikia unatengeneza vifaa vya hospitali hukuwazia ukiwa umezungukwa na mitambo yenye vioo. Mwaka 2009 mimi nilizungukwa na magurudumu ya vitanda. Magurudumu, mipira ya mlango wa otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na friji ya benki ya damu iliyokuwa na tabia ya kugoma Ijumaa jioni, mafundi wa mjini wameshafunga. Kwa hiyo daktari bingwa wetu wa mifupa alipoingia karakana na picha ya eksirei, nilidhani anataka taa ya kile kisanduku cha kutazamia picha.

Akaibandika kwenye kioo cha dirisha. "Fundi, unaona nini?"

Niliona chuma. Juu kuna tufe, chini yake shingo fupi na bega, halafu shina refu lililozama ndani ya mfupa wa paja. Kwenye shina kulikuwa na madirisha mawili, na kwenye bega tundu dogo.

"Hiyo ni Moore," akasema. "Nataka kuitoa."

Nyonga hiyo imebeba jina la Austin Moore, daktari wa South Carolina, Marekani. Yeye na mwenzake Harold Bohlman walimwekea mgonjwa nyonga ya chuma mwaka 1940, na hii yenye madirisha ikafuata miaka ya 1950. Huku kwetu imewanyanyua wazee wengi waliovunjika shingo ya mfupa wa paja, kwa sababu bei yake inavumilika na haihitaji sementi, yaani gundi ya kugandishia chuma kwenye mfupa. Daktari hujaza vipande vya mfupa kwenye yale madirisha, mfupa unaota na kupita katikati, chuma kinajifunga chenyewe. Ujanja wa Moore ni huo, na taabu yetu ilitoka humo humo. Bibi mwenye picha ile alikuwa ameishi na chuma chake miaka mingi. Tufe lilikuwa limeshaila soketi ya nyonga, na maumivu ya kinena yalimfanya alale ameketi. Alihitaji nyonga kamili, yenye kikombe na shina jipya, lakini kwanza lile la zamani litoke.

Lile tundu dogo begani lipo kwa kazi hiyo: unaingiza ndoano, unavuta. Ndoano ya hospitali ilikuwa imekunjuka siku nyingi na kutupwa kwenye boksi la vyuma chakavu. Mpya ingeagizwa nje, na sote wawili tulijua maana ya kuagiza nje. Njia nyingine ilikuwa kuweka patasi chini ya bega na kugonga kwenda juu.

"Ukigonga pembeni, nguvu inakwenda pembeni," daktari alisema. "Mfupa wa mtu mzima vile utapasuka kwa urefu. Nataka nguvu ifuate mstari wa shina. Nagonga kidogo, natazama, nagonga tena."

Nilikuwa nimewahi kuiona nguvu ya namna hiyo, ila haikuwa hospitalini. Jioni nilipita gereji ya jirani yangu, fundi bodi, nikamkuta ananyoosha mlango wa Hiace. Mafundi bodi wana nyundo ya kuteleza: fimbo ya chuma, ncha moja imeshikishwa kwenye bati lililobonyea, ncha ya pili ina kizuizi, katikati kuna uzito unaocheza. Unaurusha uzito kuja kwako, unagonga kizuizi, bati linavutika kukufuata. Mkono wako hauvuti chochote, ni uzito unaofanya kazi, na ukitaka pigo dogo unaurusha kutoka karibu. Nilimwomba aniachie nigonge mara kadhaa. Akaniuliza kama hospitali imenifukuza kazi.

Shida ilikuwa chuma chenyewe. Kitu kinachoingia kwenye jeraha na kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 134 hakitengenezwi kwa nondo. Nilikwenda Dar es Salaam, Gerezani, kutafuta stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Muuzaji akaweka sumaku juu ya fimbo, sumaku ikadondoka, naye akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Ni kweli stenlesi nzuri ya aina ya 316 haishikwi na sumaku, lakini hata baadhi ya zile za bei ya chini hazishikwi, kwa hiyo sumaku peke yake haithibitishi kitu. Nilinunua kwa mtu mwingine, aliyenionyesha mabaki ya fimbo yenye namba iliyogongwa kiwandani.

Ndoano sikuitengeneza kwa stenlesi ile. Ni laini, ingekunjuka kama ile ya kwanza. Daktari alikuwa na patasi ya mifupa iliyomegeka makali, chuma kigumu kilichokwisha kupikwa kiwandani, nami nikaichonga hiyo. Kuchonga chuma cha namna ile kunataka subira ya mpika maandazi: ukikibana kwenye jiwe la kunolea sekunde chache zaidi, rangi ya majani makavu inatokea ukingoni, halafu bluu, na ikifika bluu ugumu wake umeondoka. Niligusa jiwe, nikachovya majini, nikagusa, nikachovya, mpaka ndoano ikaingia kwenye tundu bila kucheza. Fimbo na uzito tulikereza kwenye karakana ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, maana mashine yetu ya kukereza ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa.

Jaribio tulilifanyia karakanani, Jumamosi. Muuza bucha wa sokoni alinipa mfupa wa paja la ng'ombe. Stoo ilikuwa na Moore moja ambayo pakiti yake ilichanika, haifai tena kwa mgonjwa, pamoja na sementi ya mifupa iliyopitwa na tarehe. Tuliamua kuigandisha kwa sementi makusudi, ili itushinde nguvu. Daktari akachanganya unga na maji yake, na harufu kali ikajaa chumba. Aliyewahi kuingia saluni wakati watu wanabandikwa kucha za bandia anaijua harufu hiyo, maana kemikali zake ni za ukoo mmoja. Ilikuwa uji, ikawa donge, halafu ikaanza kujipasha moto yenyewe. Nilishika kipande kilichobaki nikakitupa mezani, kinaunguza.

Tukisubiri ikauke, daktari alinisimulia habari za John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Lancashire, Uingereza, ambaye nyonga kamili za leo zote zina deni kwake. Sementi hii ilikuwa imezoeleka kwa madaktari wa meno kabla yeye hajaanza kushikizia nyonga kwayo. Kikombe chake cha kwanza kilikuwa cha plastiki iitwayo Tefloni. Aliwawekea wagonjwa kiasi cha 300, na ndani ya miaka michache kikawa kinalika, vumbi lake likiwasha miili ya watu. Ndipo mwaka 1962 akaja muuzaji na plastiki nyingine, polithini ngumu iliyotumika kwenye gia za mashine za kufuma nguo. Charnley aliikwaruza kwa kucha, akaidharau, akaondoka. Fundi wake, Harry Craven, hakuidharau. Aliifunga kwenye mashine ya kupimia ulikaji akaiacha izunguke usiku na mchana wakati bosi yuko safarini. Baada ya wiki tatu ilikuwa imelika pungufu ya ile Tefloni ilivyolika kwa siku moja. Novemba mwaka huo huo Charnley akaanza kuitumia, na polithini ndiyo iliyobaki hadi leo, ingawa imeboreshwa.

Daktari alisimulia kumsifu Charnley. Mimi nilibaki na Craven kichwani. Sijui kama daktari aliliona hilo.

Sementi ilipokauka tulibana mfupa kwenye jiliwa, nikaingiza ndoano, nikamwachia agonge. Mapigo ya mwanzo hayakuonyesha kitu. Halafu uzi mwembamba wa unga mweupe ukatokea kuzunguka bega, kisha ufa wa kuingiza ukucha, na chuma kikaruka nje na kugonga ukuta. Mfupa haukuwa na ufa hata mmoja. Tulipigana mikono kama watu waliofunga goli la ugenini.

Jumatatu nikakipeleka kwa Sista mkuu wa chumba cha kutakasa vifaa, nikiwa na kifua mbele.

"Shikamoo Sista. Nimekuletea kifaa kipya."

"Marahaba." Alivaa miwani, akakizungusha. Hakuuliza kinafanya nini. Alikata kipande cha chachi nyeupe, akakisukuma kwa waya kwenye nafasi kati ya uzito na fimbo, akakivuta upande wa pili. Kilitoka cha kahawia. Nilikuwa nimekiosha na kukiosha tena.

"Hii ya nani?"

"Ya ng'ombe, Sista."

"Kesho itakuwa ya bibi, keshokutwa itaingia kwa mtu mwingine. Mvuke haupiti kwenye damu iliyoganda, mwanangu. Kitoe uzito nioshe ndani."

Haukutoka. Kizuizi nilikuwa nimekichomelea ili kisifunguke katikati ya kazi, na nilikuwa najivunia ule uchomeleaji. Akapitisha kidole kwenye mpini, nilikoweka mikwaruzo midogo midogo ili mkono wenye damu usiteleze. Akatikisa kichwa. Kisha akafungua droo, akanipa brashi yake moja.

"Kaa nayo. Pasipofika brashi hii, pasiwepo."

Daktari alipandwa na hasira, akasema Sista anachelewesha mgonjwa. Mimi kwa kweli niliona Sista ana haki, na mpaka leo nadhani kwenye vifaa vya upasuaji ni heri kumsikiliza anayeosha kabla ya kumsikiliza anayegonga. Anayegonga anakutana na kifaa kwa dakika chache, tena kikiwa kisafi.

Kuweka kizuizi cha kufungua kwa nati kungeleta meno ya bolti, na damu inapenda meno ya bolti kuliko mahali popote. Jibu lilikuja nikiwa naangalia spana ya mdomo wazi. Uzito ukipasuliwa mfereji ubavuni, unaupachika kwenye fimbo kwa kando na kuuondoa kwa kando. Hakuna cha kufungua. Ila uzito unaotoka kirahisi unaweza kumwangukia mgonjwa. Kwa hiyo fimbo ilibaki milimita 14, mfereji nikaufanya 10, na sehemu moja tu ya fimbo, chini karibu na ndoano, nikailaza ubapa pande mbili mpaka ikabaki 9. Uzito hauingii wala hautoki mpaka uwe hapo hapo na mfereji umelingana na ubapa. Kwenye mpini nikafuta ile mikwaruzo, nikakereza mifereji mipana, nikiipima kwa brashi ya Sista badala ya rula.

Safari hii chachi ilitoka nyeupe. Hakunisifu. Alisema, "Kiache hapo."

Mganga mfawidhi aliuliza swali moja kabla ya kusaini: kikikatika je? Daktari akamjibu kwamba ndoano inafanya kazi begani, nje ya mfupa, mahali panapoonekana kwa macho. Ikikatika kipande kinaokotwa.

Siku ya upasuaji niliruhusiwa kusimama ukutani, nimevaa kijani, mikono nyuma nisije nikagusa kitu. Bibi alikuwa amepigwa sindano ya ganzi ya mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho nyuma ya pazia, akiongea na mtu wa nusu kaputi kuhusu bei ya mbolea. Daktari alisafisha bega la chuma, akapitisha patasi nyembamba kukizunguka, akaingiza ndoano. Pigo la kwanza lilitoa sauti kavu, fupi.

"Nani anapiga bati huko?" bibi akauliza.

"Tunarekebisha nyonga yako, bibi."

"Haya. Msiharibu."

Nilikuwa nasikiliza sauti. Chuma kilichoshikwa kinalia kwa sauti ya juu, kikilegea inashuka. Ilishuka ghafla, na daktari akaacha kugonga kabla mimi sijaona chochote. Akatazama, akapiga mapigo madogo matatu kwa uzito aliouinua kidogo tu, na shina likapanda taratibu likitoa mlio wa kunyonya. Lilipotoka, yale madirisha mawili yalikuwa bado yamezibwa na mfupa, umekatika sawasawa pande zote mbili. Paja lilikuwa zima. Sehemu iliyofuata, kuchimba soketi, kikombe cha polithini, sementi, shina jipya, ilichukua muda mrefu zaidi na haikunihusu. Nilitoka nje kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma.

Bibi alisimama kwa fremu ndani ya siku chache na akaenda kwao. Miezi kadhaa baadaye daktari alinionyesha katalogi ya kampuni ya Ulaya, na humo mlikuwa na nyundo yenye mfereji ubavuni, karibu sawa na yetu. Yeye alisikitika, alikuwa ameshaanza kusema habari za hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi. Mimi nilifurahi: mtu wa mbali, mwenye mashine za maana, naye alikuwa ameshauriwa na brashi ya mtu fulani.

Fedha za fimbo ya Gerezani na nauli niliziombea kwa stakabadhi. Mhasibu aliisoma pande zote mbili, akaniambia karakana ina kasma, yaani fungu la fedha, ya matengenezo, lakini hiki hakikuharibika kwanza ndipo kikatengenezwa, kwa hiyo si matengenezo. Na si ununuzi, kwa sababu hakuna zabuni. Akanishauri niandike kwamba nimenunua magurudumu ya vitanda. Nilikataa, na Sista akachangisha watu wote wa thieta, chumba cha upasuaji, wakanirudishia.