Magunia Mangapi?

Miezi miwili kabla sijatimiza miaka 50 nilitoa amri nyumbani kwangu Kimara. Amri zangu huwa hazina uzito mkubwa mle ndani, ila hii ilipita: kila Jumamosi usiku tutatazama filamu moja niipendayo mimi, mpaka siku yenyewe ifike. Sikutaka keki, sikutaka kukodi ukumbi. Baba yangu hakufika hamsini, aliishia 46, na kila nikijaribu kumkumbuka nagundua kwamba sijui hata alikuwa anapenda wimbo gani. Nikaona wanangu wawili wasije wakapata tabu hiyo.

Mwanzo haukuwa mzuri. Nilifungua na Enter the Dragon. Nikawaeleza kwa unyenyekevu kwamba ilitoka 1973, mwaka niliozaliwa mimi, na kwamba Bruce Lee alifariki Julai ya mwaka huohuo kabla haijaanza kuonyeshwa. Nilitegemea kimya cha heshima. Binti yangu mdogo akauliza kwa nini maadui wanamfuata mmojammoja kama wamepanga foleni benki. Jumamosi ya Kanumba, mama yao alilia, lakini huyo hulia hata kwenye tangazo la sabuni, kwa hiyo sikuihesabu kuwa ushindi. Zilizofuata zilipita tu, watu wakiwa kwenye simu zao. Nikabakiwa na karata moja niliyokuwa nimeificha makusudi: Sholay.

Hapa lazima nirudi Tanga. Ni mwaka 1983, nina miaka kumi, na baba amefariki mwezi uliopita. Jumapili moja mjomba wangu, mdogo wake mama, akaja kwetu Ngamiani amepaka mafuta kichwani, akamwambia mama, "Dada, huyu mtoto nampeleka Majestic." Sholay ilishatoka India tangu 1975 na sijui ilikuwa imerudi mjini mara ya ngapi, lakini ukumbi ulijaa pomoni: akina mama na kanga zao, watoto mapajani, karanga kwenye vikaratasi. Maandishi ya tafsiri hayakuwepo. Asiyejua Kihindi alimtegemea aliyekaa jirani, na mimi jirani yangu alikuwa mjomba, aliyekuwa anauza vitambaa kwenye duka la Mhindi na alijulikana mtaa mzima kwamba Kihindi anakimwaga kama maji. Miaka mingi baadaye Dar ilimpata Lufufu na mikanda yake iliyotiwa Kiswahili. Sisi tulikuwa na mjomba.

Ule ulikuwa mwaka wa wahujumu uchumi. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa ametangaza vita, redio haikuzungumza jingine, na usiku watu wenye bidhaa walizozificha walizitupa wasikutwe nazo. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni. Sasa kwenye filamu kuna jambazi anaitwa Gabbar Singh, anatuma watu wake kijijini kuchukua nafaka za wakulima, wanarudi mikono mitupu kwa sababu Jai na Veeru, mastelingi wawili marafiki, wamewafukuza. Gabbar anatembea juu ya mawe, mkanda wake unaburuzika chini, anawauliza swali moja kwa sauti ya taratibu. Mjomba akaniinamia sikioni: "Anauliza, magunia mangapi?"

Damu iliniganda. Nilijua kabisa ni magunia ya nini. Shuleni wiki nzima tulicheza Gabbar, na aliyekuwa Gabbar ilibidi aburuze mkanda na kuuliza, "Magunia mangapi?" Aliyeshindwa kujibu alikula kibao.

Jai na Veeru wakitofautiana hurusha sarafu, na kila mara Jai ndiye anayeshinda. Mjomba alisema Jai ana bahati, amezaliwa nayo. Basi tukawa tunarusha shilingi, kichwa cha Nyerere au mwenge, mimi nikachagua kichwa kila siku kama Jai, nikashindwa mara nyingi tu.

Kisha Jai akapigwa risasi pale darajani. Mimi sikuwa na wasiwasi, stelingi hafi, kila mtoto wa Tanga alijua hivyo. Alipoanguka mikononi mwa Veeru na wanawake ukumbini wakaanza kuvuta kamasi, mjomba alinyanyuka ghafla, akanishika mkono. "Amezimia tu, twende, mvua inakuja." Nilipiga kelele, nikavutwa hivyohivyo. Nje hapakuwa na wingu. Njia nzima mpaka nyumbani alinisimulia iliyobaki: Jai akapelekwa hospitali, hospitali kubwa kama Bombo, akashonwa, akafungwa bandeji kichwani, akarudi amepanda nyuma kwenye farasi wa Veeru, wakamkamata Gabbar pamoja na magunia yake yote.

Nimeishi na filamu hiyo miaka 40. Ndiyo niliyoahidi familia, na usiku huo wa 2023 binti mkubwa aliitafuta, akaiunganisha na luninga, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Inachukua zaidi ya saa tatu. Nikawaonya wasilalamike.

Wala hawakulalamika. Simu ziliwekwa pembeni kuanzia lile pambano la kwenye treni. Gabbar alipotokea nikaketi vizuri, nikangoja, na midomo yangu ikatamka naye swali lake.

"Baba," mdogo akasema, "anauliza walikuwa watu wangapi."

"Magunia."

"Watu. Imeandikwa hapo."

Tulirudisha nyuma mara mbili. Watu. Nilisema tafsiri za Kiingereza hazina maana, wanaandika wasioelewa, na mke wangu akanitazama vile anavyonitazama nikibishana na fundi wa gari. Lakini nikaanza kusikiliza kwa hofu. Kila baada ya dakika chache kitu kingine kilimeguka. Yule tajiri mficha sukari niliyemkumbuka vizuri kutoka tafsiri ya mjomba hakuwepo popote. Waliokuwepo walisema mambo mengine kabisa.

Daraja likafika. Jai akaanguka, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyenishika mkono. Alizungumza kidogo na rafiki yake, akafa. Veeru akaokota ile sarafu, akaigeuza, na pande zote mbili ni sawasawa. Hapakuwa na bahati yoyote. Kila mara Jai alikuwa ameshaamua mwenyewe, hata pale alipobaki nyuma peke yake na risasi.

Nilingojea bandeji. Nawaambia ukweli, mtu mzima mwenye mvi, nilingojea yule farasi mpaka wakachoma maiti. Taswira ninayoikumbuka kuliko zote, ile ya Jai nyuma ya Veeru na kitambaa cheupe kichwani, haikuwahi kupigwa picha na mtu yeyote.

Binti mkubwa alikuwa ameshaanza kusoma habari zake kwenye simu. Akasema hata mwongozaji, Ramesh Sippy, alilazimishwa kubadili mwisho: alitaka Gabbar auawe na yule mzee aliyekatwa mikono na Gabbar mwenyewe, wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, ikabidi polisi watokee wamkamate. "Kwa hiyo baba, usijisikie vibaya." Nikatoka kibarazani nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kafa?" Kwa umri wake, simu ya saa tano usiku haina habari nyingine.

"Jai."

"Jai yupi?"

"Wa Majestic."

Kikapita kimya kirefu, halafu nikamsikia anacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Sasa mjomba," akasema alipotulia, "tulikuwa ndiyo kwanza tumemfukia baba yako. Ulitaka nikwambie amekufa na yule?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamuuliza kama Kihindi alikuwa anakijua kweli.

"Cha dukani. Ngapi, bei gani, punguza." Akafikiri. "Ngapi niliisikia vizuri sana."

Akataka kujua Jumamosi ijayo tunaonyesha nini. Nikamwambia hiyo ndiyo siku yenyewe ya kutimiza hamsini, filamu bado sijachagua, ila pilau ipo.

"Basi napanda basi la asubuhi," akasema. "Nani atakuwa anatafsiri?"