Daftari langu la amri za watu

Nilipookoka nilipewa masharti chungu nzima: usivae hiki, usionje kile, sura nne za Biblia kila asubuhi kabla ya chai, na siku ukiruka umemfungulia adui mlango. Wengine wakanishauri nifungue Biblia popote, kidole kitakapotua ndilo neno la siku hiyo. Ushauri huo usiufuate kabisa. Mstari uliong'olewa kwenye barua yake unaweza kusema kinyume cha alichoandika mtume.

Nilichukua daftari la kurasa 96, la bei ya kawaida tu, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto naandika agizo, kulia andiko ninaloambiwa ndilo msingi wake. Kisha nasoma sura nzima lilimotoka.

Wakolosai 2:21 ndiyo iliyonifungua macho. "Msishike, msionje, msiguse." Nilisomewa kama amri ya Mungu, tena kwa ukali. Sasa rudi mstari mmoja tu nyuma, wa 20: Paulo anawauliza Wakolosai kwa nini wanajitia chini ya amri za namna hiyo. Shuka hadi wa 22 na 23: ni maagizo ya wanadamu, yana sura ya hekima lakini hayazuii tamaa za mwili. Yaani maneno yale yale anayoyapinga mtume ndiyo tuliyokuwa tunabebeshwa! Agizo hilo nililikata kwa kalamu nyekundu, na nilifurahi mno.

Ila usikimbilie kukata kila kitu. Hapo ndipo wengi huharibu. Weka Wagalatia 2:3 kando ya Matendo 16:3. Tito, Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa. Timotheo alitahiriwa, na Paulo mwenyewe ndiye aliyesimamia. Kwa Tito walikuwepo waliotaka kuwarudisha watu katika utumwa wa sheria, na Paulo hakuwapisha hata kidogo. Timotheo mama yake alikuwa Myahudi, na tohara ilimfungulia njia kwa Wayahudi wa sehemu zile. Kwa hiyo kila agizo naliuliza: nadaiwa hili ili niokolewe, au naombwa kwa ajili ya ndugu? La kwanza nalikataa. La pili naweza kulikubali hata kama nina haki ya kukataa, kama ile nyama ya 1 Wakorintho 10:25-29: kula cha sokoni bila kuuliza-uliza, lakini mtu akikuambia imetolewa sadaka kwa sanamu, iache kwa ajili yake.

Ulevi, fitina na uasherati sijaviandika kwenye daftari. Wagalatia 5 imevimaliza.

Na hizo sura nne? Biblia ina sura 1,189, hivyo tatu na kidogo kwa siku zinaimaliza kwa mwaka. Mpango mzuri, ila usiugeuze kipimo cha wokovu. Mimi naanza watu na Wagalatia, sura 6 kwa kikao kimoja, kwa sauti. Nusu saa haiishi. Ukiruka siku, endelea ulipoishia. Usilundike za jana juu ya za leo, maana ukiruka siku mbili, ya tatu unaamkia sura 12, na hapo ndipo watu huifunga Biblia mpaka Jumapili.